Miti ya mjini Dodoma: nani anapanda, nani anakata, na wewe uende wapi (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Haya maswali yametoka kwa majirani, vijana wa bodaboda wanaopaki chini ya mwarobaini, walimu, wenye maduka ambao mti uko mlangoni kwao na hawajui kama waruhusiwe kuukata au waulinde. Nimejibu kwa Dodoma kwa sababu ndio mji ninaoujua, ila ukiwa Singida, Shinyanga au Tabora mengi yatakufaa maana taasisi ni zile zile na jua letu ni moja.

Mti uliopo barabarani mbele ya nyumba yangu ni wa nani?

Sio wako, hata kama uliumwagilia wewe miaka yote, na hili linauma watu wengi. Mti unafuata ardhi. Barabara kuu na za mkoa, yaani ile ya kwenda Dar, Iringa, Singida, Arusha, ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na hifadhi yake, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, kwa Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 60, maana yake mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati ya lami. Barabara za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, walianza 2017. Maeneo ya wazi, bustani, makaburi na shule za serikali yako kwa Halmashauri ya Jiji. Msitu wa hifadhi wa serikali kuu ni wa TFS, wakala wa huduma za misitu.

Zamani hapa kwetu kulikuwa na CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyoanzishwa 1973, ikavunjwa Mei 2017 na kazi zake zikaenda halmashauri, kwaiyo ukikutana na mzee anakwambia "nenda CDA" mwelewe tu, hajasasishwa, wewe nenda jiji.

Sasa wewe mwananchi wa kawaida huwezi kukaa na futi kamba unapima katikati ya lami magari yanapita. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa mtaa wako. Hata kama mti sio wa jiji yeye ndio anajua uende kwa nani, na barua yenye muhuri wake inafunguliwa haraka kuliko ya kwako peke yako.

Kila mwaka tunaona viongozi wanapanda miti, mbona mji bado jua tupu?

Hili ndilo swali la msingi na nitalijibu kwa urefu, wengine mvumilie.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Inaanza Desemba hivi, ikichelewa Januari, inaisha Aprili, na jumla ya mwaka inakuwa kama milimita 570 tu. Alafu kuanzia Mei mpaka Novemba hamna kitu, ni upepo, vumbi na jua. Mche uliopandwa Januari una miezi mitatu minne ya kushusha mizizi, ukishindwa kufika kwenye udongo wenye unyevu kabla ya Juni ndio basi tena, labda mtu aumwagilie. Na huyo mtu ndio hayupo.

Ukipita mwezi wa pili baada ya siku ya kupanda utaona miche imesimama kijani inapendeza, watu wanapiga picha. Pita pale pale mwezi wa kumi. Utakuta vijiti, na vingine havipo kabisa kwa sababu mbuzi wamepita, au mchwa wamekula kuanzia chini. Mchwa wa Dodoma hawana mchezo, mche ukidhoofika kidogo kwa kiu wao wanamalizia.

Alafu kuna suala la hesabu. Agizo la kitaifa linataka kila halmashauri ipande miti 1,500,000 kwa mwaka. Nia ni nzuri sana na mimi naliunga mkono, lakini angalia kinachohesabiwa, ni miche iliyotoka kitaluni. Ukiweka mche shimoni umeshahesabika, ukifa Septemba hamna anayekuja kuutoa kwenye hesabu, na mwakani shimo lile lile linapandwa tena linahesabiwa tena. Ndio maana ukijumlisha namba za miaka yote unaona tungekuwa msituni saizi. Maoni yangu, na nimeyasema kwenye kila kikao walichonipa nafasi, ni kwamba mti uhesabiwe ukishavuka viangazi viwili. Mti uliovuka viangazi viwili hapa Dodoma umeshapona, utaendelea wenyewe. Halmashauri ikileta namba ndogo ya miti iliyo hai tuipigie makofi kuliko namba kubwa ya mashimo.

Kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ilizinduliwa Desemba 2017, wakati huo mama Samia akiwa Makamu wa Rais, serikali ikiwa ndio inahamia, na ni kweli kuna maeneo imeshika vizuri. Ukiangalia palipo na ukuta au mlinzi na bomba karibu, miti ipo. Palipo wazi bila mtu wa kuitazama, hamna. Aina za miti ni zile zile na udongo ni ule ule, tofauti ni ndoo ya maji na mtu aliyepewa jukumu.

Na maji yenyewe tunayo? Bomba linatoka kwa mgao, nimwagilie mti?

Swali la haki kabisa. Mji ulikuwa na watu 410,956 kwenye sensa ya 2012, ya 2022 ikatoka 765,179, na sehemu kubwa ya maji bado inategemea visima vya bonde la Makutupora kule Mzakwe. Kwaiyo simwambii mtu amwage maji ya kunywa kwenye shina.

Tumia maji yaliyokwisha kazi. Maji ya kusuuzia nguo, ya kuoshea mboga, ya kuogea kama sabuni sio kali. Ya jiki usimwage, wala ya chumvi uliyolowekea nyama. Mche mchanga ndoo moja ya lita 20 kila siku tatu au nne inatosha, na ni bora ndoo nzima mara moja kuliko kikombe kila asubuhi, maana maji kidogo kila siku yanafanya mizizi ibaki juu juu inasubiri kikombe. Kama unasafiri chukua chupa ya lita moja na nusu, toboa kitundu kidogo kwenye kizibo, ifukie kichwa chini karibu na mche, kata kitako ujaze maji, itadondosha polepole. Mwaga jioni, sio saa saba mchana.

Tupande mwezi gani?

Mashimo yachimbwe Oktoba na Novemba, yaani kabla. Futi mbili kwa mbili, udongo wa juu uweke pembeni peke yake, wa chini peke yake, alafu urudishe ule wa juu ukiwa umechanganya na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza na inaita mchwa. Mvua zikinyesha za kueleweka mara mbili tatu, udongo ukilowa mpaka chini, panda. Usidanganyike na mvua ya kwanza ya Novemba.

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, na kwa mikoa yenye mvua za masika iko sawa, ila kwa Dodoma Aprili mvua inaaga. Ukipanda Aprili hapa ujue umejiandikisha kumwagilia mwezi mmoja baadae. Mimi ningependa siku hiyo kwetu iwe ya kukagua ile miche ya Januari na kuziba mapengo, na viongozi wapige picha na ndoo.

Kitu kingine watu wanakosea, toa kiriba, ule mfuko wa nailoni uliokuja na mche! Nimeng'oa miche iliyokufa nikakuta nailoni iko vile vile, mizizi imejizungusha ndani. Na usifukie shina, pale mzizi unapoanzia pawe usawa wa ardhi, ila uache kisahani cha kukinga maji kuzunguka mche.

Ni miti gani inafaa mitaa yetu?

Mwarobaini umeshajithibitisha, unavumilia ukame, kivuli kizito, mbuzi hawaupendi sana. Shida yake ni kwamba tumeupanda peke yake mitaa mizima, siku ukija ugonjwa au mdudu wake unakuwa msiba wa mji mzima. Changanya.

Mjohoro unakua haraka na ukikatwa unachipua, ila matawi yake makubwa usiyaache juu ya paa. Mkrismasi unapendeza sana Desemba ukiwaka mwekundu, lakini mizizi yake inatambaa juu na inabomoa sakafu, alafu matawi ni laini yanakatika kwa upepo, kwaiyo uwe kwenye eneo la wazi na sio kandokando ya ukuta au mtaro. Mpilipili, ule wenye majani yanayoning'inia, unavumilia kiangazi vizuri.

Miti ya kwetu yenyewe inasahaulika. Mkwaju ni mti mzuri mno wa barabarani, unaishi mda mrefu sana, hauvunjiki kizembe, kivuli chake kipana, na ukwaju unauzika. Migunga ya asili nayo iko hapa kabla yetu, ina miiba ndio, ila kwenye viwanja vikubwa na kandokando ya makorongo iacheni. Na mbuyu jamani, mbuyu ukiukuta kwenye kiwanja cha umma usiguswe, hamna pesa ya kukuletea mwingine kama huo katika maisha yako wala ya wajukuu zako.

Ashoki, ile mirefu myembamba ya mageti, kila mtu anaipenda kwa sababu haichukui nafasi. Inapamba ukuta. Kivuli haina, sasa mtaa wa Dodoma bila kivuli tunaupambia nini?

Mikaratusi isipandwe karibu na vyanzo vya maji, inanyonya. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mto, bwawa au chanzo cha maji, huko ni kwa miti ya asili kubaki ilivyo. Pia ukiletewa mbegu ya mti "wa ajabu unaokua jangwani" uliza kwanza. Majirani zetu Kenya walipanda mti wa mathenge Baringo miaka ya 1980 kwa nia ya kuokoa ardhi kavu, saizi umewavamia malisho na wanahangaika kuuondoa.

Naweza kupanda mti kwenye hifadhi ya barabara mbele ya kwangu bila kuomba?

Mwambie mtendaji wa mtaa na uulize kama barabara ina mpango wa kupanuliwa au bomba linapita. Watu wengi hawaulizi, wanapanda tu, na mara nyingi hamna anayewasumbua, ila ukipanda mahali ambapo mtaro utachimbwa mwakani umepoteza nguvu zako bure na hamna fidia. Usipande kwenye kona ya barabara ukaziba dereva asione, usipande juu ya mtaro, na chini ya nyaya weka mti mfupi.

Nataka mti wa barabarani ukatwe. Nifanyeje?

Kwanza jiulize unataka ukatwe kwa nini. Ninayoyasikia zaidi ni majani yanachafua uwanja, fremu yangu haionekani, au wezi wanajificha. Hizo sio sababu za kukata mti wa miaka thelathini. Majani yanafagiliwa, matawi ya chini yanapogolewa mpaka juu ya kichwa cha mtu na fremu inaonekana, wezi wawekee taa.

Sababu zenye uzito ni hizi: shina limeoza, mti umeanza kuegemea upande ghafla na udongo umepasuka upande wa pili, una uyoga unaota kwenye shina chini kabisa, una ufa mrefu, umekauka juu zaidi ya nusu, au umesimama mahali ambapo kazi ya umma lazima ipite na imethibitika hamna njia nyingine.

Utaratibu wenyewe, unaandika barua kwa mtendaji wa mtaa, unaeleza mti uko wapi, aina gani, tatizo nini, weka na picha za simu, yeye anapitisha kata, inafika kwa afisa misitu au afisa mazingira wa halmashauri. Kama mti ni wa TANROADS au TARURA, halmashauri inawaandikia. Afisa anatakiwa aje auone kwa macho. Mti usikatwe kwa barua tu bila mtu kuja kuugonga shina, hili msikubali. Ukigonga na nyundo shina zima linatoa sauti nzito, lililooza ndani linalia kama debe.

Na kibali kikitoka kidai kiandikwe kwenye karatasi na nani anapanda mbadala, wapi, lini. Bila hivyo kisiki kinabaki, mwaka unapita, anakuja mtu anaweka kibanda.

Kwenye kiwanja chako binafsi nako usikurupuke, pita kwa mtendaji kabla ya kuwasha chensoo, maana halmashauri zina sheria ndogo zao na kuna aina za miti ambazo Sheria ya Misitu ya 2002 inazilinda popote zilipo.

Mti umeangukia nyumba usiku / tawi liko kwenye waya. Nasubiri barua?

Hapana. Hatari haisubiri barua. Zimamoto na Uokoaji piga 114. Kama kuna waya umeguswa piga TANESCO dharura na MSISOGEE, hata kama taa za mtaa mzima zimezimika, maana umeme unaweza kurudi wakati wowote, na mti mbichi unapitisha umeme. Wazuieni watoto. Vijana wenye mapanga wanaopanda kutafuta kuni usiku ule ule ndio wanaoumia. Asubuhi mtendaji apewe taarifa.

Wakata matawi ya chini ya nyaya wamepita wameacha miti imenyolewa kama nguzo. Ni sawa?

Kusafisha njia ya umeme ni lazima, tawi likigusa waya linaweza kuzima mtaa au kuua mtu, kwaiyo mafundi hawana kosa kwa kukata. Tatizo ni namna ya kukata. Kuondoa kichwa chote kunaufanya mti uchipue matawi mengi kwa pamoja yaliyoshikwa na gome tu, yanakua kwa kasi, baada ya miaka miwili yako kwenye waya tena, na safari hii ni dhaifu zaidi. Yaani mnarudi pale pale na hatari imeongezeka.

Njia sahihi ni kuondoa tawi zima kutoka linapoungana na shina au tawi kubwa, na kuuelekeza mti ukue pembeni ya waya. Tawi zito linakatwa mara tatu. Mkato wa kwanza unaanzia chini, mbali kidogo na shina, usifike katikati. Wa pili juu, mbele zaidi kidogo, tawi linadondoka bila kuchana gome. Wa tatu unaondoa kile kipande kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe ambapo tawi linashikana na shina, usikwangue uvimbe wenyewe kwa sababu ndio unaofunga kidonda. Wala usipake rangi wala lami, kidonda kiache kikauke.

Mtaa unaweza kuomba, kupitia mtendaji, kwamba kazi hiyo ikija mjulishwe na afisa misitu awepo. Mara nyingi hakuna anayeomba.

Barabara inapanuliwa na miti yote ina alama ya rangi nyekundu. Tumeshachelewa?

Alama inaonyesha mti umeingia kwenye eneo la kazi. Mradi mkubwa unatakiwa uwe umefanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya ile sheria ya mazingira ya 2004, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndio wanaosimamia, na humo ndani inatakiwa isemwe miti mingapi inaondoka na nini kinafanyika baada ya hapo. Nendeni mkaombe kuiona. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inayowapa haki ya kuomba, nendeni kwa heshima na barua ya mtaa.

Mda mzuri wa kusema ni kabla ya mkandarasi kuleta greda, wakati ramani bado inarekebishika. Mtaro kusogea mita mbili kwenye karatasi ni kalamu tu. Ukishachimbwa, ni hela.

Kuna mfano Nairobi. Ile barabara ya juu ya Expressway ya kilomita 27 ilipokuwa inajengwa, ulikuwepo mti mkubwa wa zamani wa mgumo Waiyaki Way kule Westlands uliotakiwa kuondolewa, watu wakapaza sauti, na Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatoa agizo usiguswe. Barabara ilikamilika na mgumo upo. Lakini miti mingine mingi kwenye njia ile ile ilikwenda, na hilo nalo tulikumbuke, maana mti mmoja maarufu ukiokolewa watu wanashangilia wanaenda nyumbani. Mji unahitaji utaratibu unaolinda hata mjohoro usio na jina.

Si mti mkubwa unaweza kuhamishwa tu?

Kwa nadharia ndio, kwa pesa za mitaa yetu karibu hapana. Unahitaji kukata mizizi kwa awamu miezi kabla, kreni, lori la kubebea tani nyingi za udongo, alafu maji mengi kwa miaka. Ukiahidiwa uhamisho bila kuelezwa hayo ujue ni kukata kwa maneno matamu. Bora pesa hiyo inunue miche mia na mshahara wa mtu wa kuimwagilia miaka miwili.

Mti ukishakatwa, magogo na kuni ni za nani?

Ni za mamlaka yenye mti. Sio za fundi wa chensoo, sio za mwenyekiti, sio za jirani aliyewahi na toroli. Ulizeni mapema zinakwenda wapi na iandikwe, kwa sababu pale kuni na mbao zinapokuwa za yeyote aliyewahi, miti "hatari" inaongezeka ghafla. Na kubeba magogo nje kunahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu, trafiki na watu wa maliasili wanaikagua barabarani. Zamani kuni nyingi zingeenda jikoni shuleni, ila taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa mwisho wa Januari 2024, kwaiyo njia hiyo inafungwa.

Majani na vitawi vidogo mtaa uombe vibaki, vikisagwa au kukatwakatwa vinafunika udongo kwenye miche. Acha nafasi ya kiganja kati ya shina na matandazo, mchwa wasipate ngazi.

Misumari ya mabango, chokaa, oili chafu: vinaua mti au ni maneno ya watu?

Msumari mmoja hauui. Misumari hamsini ya "chumba kinapangishwa" na "mganga kutoka Sumbawanga" inafungua njia ya wadudu na kuoza, na siku ya kukata inavunja mnyororo wa chensoo usoni mwa fundi. Fungeni mabango kwa kamba.

Chokaa ya maji haina shida. Rangi ya mafuta hapana.

Oili chafu ya gereji inaua kabisa, polepole, udongo unakufa kwanza. Mafundi ndio wanaofaidi kivuli hicho kuliko mtu yeyote na inaniuma kuona wao wenyewe wanaumwagia. Wekeni dumu. Kadhalika mama lishe, jiko lisiegemee shina, gome likiungua kuzunguka pande zote mti umekwisha hata kama majani bado ya kijani. Na anayemwaga zege mpaka shinani aache angalau mita moja ya udongo kila upande, mti unapumua na kunywa kupitia pale.

Mizizi imeinua ukuta wangu. Halmashauri italipa?

Usitegemee. Peleka picha, ombeni wakague. Wakati mwingine mzizi mmoja unakatwa na mti unabaki, ila usikate mwenyewe mzizi mnene karibu na shina, ndio unaoushikilia usianguke siku ya upepo, na pengine ukakuangukia wewe. Na chunguza vizuri, nyufa nyingi za kuta za Dodoma zinatokana na udongo wa mfinyanzi unaovimba kwa mvua na kunywea kiangazi na msingi mfupi, mti unasingiziwa.

Kuna nyuki mtini karibu na shule.

Usichome moto. Afisa nyuki yupo halmashauri, wanahamishwa jioni, na kuna wafugaji wanaowahitaji. Mti hauna kosa.

Mtaa wetu unataka kuanza, tuna nguvu ila hatuna hela.

Hela sio nyingi. Ile sheria ya mazingira inatambua kamati ya mazingira ngazi ya mtaa, kama yenu imelala iamsheni kwenye mkutano mkuu wa mtaa. Miche ombeni kwa TFS na kitalu cha halmashauri, na msiombe elfu mbili kwa pupa. Hesabuni kwanza nyumba zilizo tayari kubeba mche mmoja kila moja, kama ni arobaini chukueni arobaini, na kumi za akiba za kuziba mapengo. Kila mche uwe na jina la mtu kwenye daftari la mtaa. Miiba ya mgunga iliyokauka inatosha kuzungushia mche mbuzi wasisogee, msisubiri wavu.

Alafu wekeni tarehe mbili za kupita mtaa mzima mkiwa na daftari, moja Julai na moja mwishoni mwa Oktoba kabla ya mvua. Mkikuta mche umekufa andikeni umekufa na sababu, kiu, mbuzi, mchwa au umekanyagwa na gari, msione aibu. Mwaka wa pili hizo sababu ndio zitawaambia mpande nini na wapi, na mkienda jiji kuomba boza la maji la mara moja kwa mwezi mtaenda na daftari mkononi, na afisa atajua anaongea na watu wanaojua idadi ya miti yao iliyo hai.